Mama Mkwe, Kiti Kipya na Karatasi ya Asiransi

Leo nimeaibika nyumbani kwangu, mchana kweupe, mbele ya mama mkwe, tena kwa kiti nilichotengeneza kwa mikono yangu. Naandika mapema kabla majirani hawajaandika kwa niaba yangu (mmoja ameshaanza, nimeona).

Mnaonijua mnajua mimi ni fundi mbao hapa Kabambare. Milango, vitanda, meza. Mnajua pia kwamba mke wangu Mwamini, Mama Feza, alikwenda kwa mama yake kule Wamaza wiki tatu zilizopita, akamchukua na mtoto. Kosa lilikuwa langu. Alikuwa na mbao zake, amezitunza mwaka mzima ajengewe jiko. Nikazichukua bila kumuuliza, nikamtengenezea mteja madawati. Aliponiuliza nikamjibu kwamba mbao ni mbao. (Ndiyo, nilisema hivyo. Nilikuwa nimeshiba.)

Juzi mama mkwe akaleta ujumbe. Atamrudisha binti yake mwenyewe. Hataki mbuzi, hataki kikao. Anataka tu nimwombe Mwamini msamaha kwa kinywa changu, yeye akisikia, kisha amwache hapa na kurudi kwake. Neno moja. Nilikubali kabla mleta ujumbe hajamaliza kunywa maji. Nyumba imekuwa kimya, na mimi ukimya wa nyumba siuwezi.

Sasa kuna jambo la pili, la asiransi, yaani bima. Watu wanaojenga shule kule Lusangi walisema hawampi fundi kazi ya madawati kama hana asiransi ya kazi. Maana yake si ngumu: kazi yako ikimdhuru mtu wa nje, kampuni ndiyo inabeba mzigo wa kumtibu na kumlipa, si wewe. Nikaichukua kwa ajenti mmoja wa kule Kasongo. Karatasi nne za Kifaransa. Ya kwanza niliisoma vizuri, ya pili nusu, mbili za mwisho nilizitia sahihi tu. Sentensi moja ilinikaa kichwani: ukimdhuru mtu, usikiri kosa mbele yake kabla hujaijulisha kampuni. Niliipenda sana sentensi ile. (Mama Feza angewaambia kwamba nilikuwa naiishi hata kabla sijailipia.)

Basi leo nimeamka mapema. Nimefagia uwanja. Nimesimama mbele ya kioo na kujizoeza: "Mama Feza, unisamehe, nilikosea." Mara kumi. Ile ya saba ilitoka vizuri kabisa, hata mimi nilijihurumia.

Kuhusu kiti. Viti vyangu vya nyumbani ni vya zamani, vinalia ukivikalia, na fundi hawezi kumkalisha mkwe juu ya kiti kinacholia. Kwa hiyo jana nilimtengenezea kipya, kipana, chenye pa kuegemeza mikono. Mti ulikuwa bado mbichi. Gundi ilitaka siku mbili ikauke. Mteja ningemwambia asubiri. Mkwe nikamwambia karibu.

Wamefika saa sita kwa pikipiki mbili, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama Feza akashuka na mtoto na furushi kubwa. Furushi lile lilinipa moyo. Nikamsalimu mkwe kwa heshima, macho chini, nimesimama upande kidogo kama inavyotakiwa.

"Mama, mukaribie. Mukae hapa, hiki kiti ni chenu."

"Aksanti, mukwe wangu. Ni weye njo ulikitengeneza?"

"Ni miye, Mama."

"Kiko kizuri."

Akakaa. Kiti kikatulia. Akaegemea. Mguu wa nyuma ukachomoka, na mkwe wangu akaenda chini pamoja na heshima yangu yote.

Kwetu mkwe hashikwi. Unaweza kumjengea nyumba, lakini mkono wake huugusi. Kwa hiyo mimi, mwanamume mzima, nilisimama pale nimenyoosha mikono hewani kama mtu anayepima mlango. Mama Feza na wale madereva wa pikipiki ndio waliomwinua. Kiwiko kilikuwa kimechubuka, kiuno kinamuuma. Wakamkalisha kizingitini. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Hapo mtu yeyote anasema pole. Mtoto wa miaka mitatu anasema pole (Feza alisema, tena mara mbili). Mimi nikaikumbuka ile sentensi.

"Baba Feza," mke wangu akasema, "hauone mama ameumia? Sema kitu."

"Siwezi kusema kitu kwanza. Karatasi inakataza."

"Karatasi gani?"

"Ya asiransi. Nikisema ni kosa yangu, kompani haitamulipa mama. Nyamazeni kidogo, ni kwa faida yake."

Mkwe akaniangalia. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, hajawahi kuniangalia usoni namna ile.

"Nilitoka Wamaza juu ya kusikia neno moja," akasema polepole. "Sasa neno liko kwa kompani?"

Ningeweza kuishia hapo. Nikapiga simu Kasongo. Sasa, simu yangu iliingia maji, haisikiki mpaka uweke sauti ya nje. Kwa hiyo walisikia wote: mke, mkwe, madereva wawili, na majirani ambao ghafla walikuwa na kazi ya kufanya karibu na ua wangu.

Nikamweleza ajenti. Kiti, mguu, kiuno. Akanisikiliza kwa utulivu.

"Bon," akasema. "Swali moja. Huyu mama ni mutu wa inje, ao ni wa famille? Juu watu wa famille yako, asiransi hii haiwahusu."

Ndugu zangu, nilikuwa na muda wa kufikiri, sitadanganya. Nilifikiri kiuno chake, dawa, safari ya hospitali, na kampuni ikishughulikia kila kitu. Niliona namtendea mema. Niliona pia jinsi majirani watakavyosema kwamba fundi yule karatasi zake zinafanya kazi. Hilo la pili ndilo lililonisukuma, nalijutia kuliko yote.

"Ni mutu wa inje," nikasema.

"Hakika? Si ndugu, si mukwe?"

"Hapana. Mutu wa inje tu."

Nilisikia mmoja wa madereva akivuta pumzi. Mama Feza aliweka mkono mdomoni. Ajenti yeye aliendelea, hana habari.

"Sawa. Lakini hata vile, asiransi yako ni ya ajali ya ndani ya atelier, pale unatengenezea vitu. Kiti chenye ulishatoa kwa mutu hakimo. Angalia karatasi ya tatu."

(Karatasi ya tatu. Ile ya sahihi tu.)

"Na huyo mama," akaendelea, "ulishamuambia pole?"

"Karatasi inakataza."

"Fundi, karatasi haikatazi pole. Inakataza kujitwika kosa na kuahidi malipo bila kutujulisha. Pole ni pole. Mupe mama maji, umuambie pole."

Akakata. Sikuwa na mahali pa kuweka macho. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kukaza kitenge chake kiunoni, taratibu, kwa sababu ya maumivu. Hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya, ningepiga magoti.

"Mutu wa inje," akasema, "hawezi kuacha mutoto yake kwa watu asiowajua. Mwamini, twende."

"Mama, munisamehe. Mama Feza, unisamehe, nilikosea."

Lilitoka. Neno lenyewe, lile walilolifuata kutoka Wamaza, lilitoka zima kabisa, nusu saa baada ya wakati wake.

"Uulize kompani kwanza," mkwe akanijibu, akapanda pikipiki akishikwa na binti yake.

Mama Feza alibaki nyuma kidogo kulifunga furushi. Nikadhani atasema jambo la kunitia moyo, kwani yeye ananijua, anajua mdomo wangu hukimbia kuliko mimi. Akasema, "Nilikuwa nimeleta sufuria zangu zote." Basi. Akaniachia nimfungie kamba kwenye pikipiki, nikafunga, mimi mwenyewe ndiye ninayefunga mizigo ya mke wangu aondoke.

Baada ya wao kwenda nimeisoma ile karatasi ya tatu. Yote, neno kwa neno, na lile nisilolielewa nikampigia mwalimu mmoja anayejua Kifaransa anifafanulie. Ajenti alisema kweli. Hata ningemtaja mkwe kuwa mgeni kutoka nchi ya mbali, hakuna kilichokuwa cha kulipwa. Nilimkana mama wa watu bure.

Wale wenye kazi zenu, mafundi, wauza dawa, wenye saluni: chukueni asiransi, ni kitu kizuri, siku moja itamwokoa mtu. Ila someni mpaka mwisho, na mtu akiumia mbele yenu mwinueni na mumwambie pole kabla hamjatafuta simu.

Kesho asubuhi naenda Wamaza. Sichukui mzee wa kunisemea. Nitapiga magoti pale mlangoni na kukiri yote, la mbao, la kiti na la simu, hata kama kijiji kizima kitasimama kunisikiliza.

Na nyinyi msinicheke, jamani. Nina viti vitano humu ndani na hakuna wa kuvikalia.