Vigingi Vinne vya Goweko

Jumatatu, 9 Juni
Wapima wa reli mpya wamefika Goweko. Wanane. Kiongozi wao ni binti wa Tabora mjini, Injinia Najiat. Kanisalimia shikamoo, nikamwona ana adabu, nikamweleza wazi: mlango wa stesheni ukitazama mgahawa wangu, abiria wote watakula kwangu. Akasema michoro imeshapita. Mchana wakapigilia vigingi vinne vyenye vichwa vyekundu kando ya banda la chai la shemeji yangu Renatus. Mlango wa stesheni huo, hakuna kingine. Renatus kainamia birika lake. Furaha anaificha.

Jumanne, 10 Juni
Nimewaalika wapima chakula cha mchana. Wali, maharage, kuku wawili. Mke wangu Josepha kauliza nimeanza lini ukarimu. Walipoinamia sahani, nikatoka na nyundo ndani ya kanga ya Josepha. Vigingi vyote sasa viko kwangu, hatua sita kutoka kizingitini. Nikarudi natoka jasho. Nikasema nilikuwa nafukuza mbuzi.

Alhamisi, 12 Juni
Injinia yuko Tabora tangu jana, kikaoni. Vizuri. Nimepaka ukuta rangi na kuandika KARIBUNI WASAFIRI. Ukuta ukaisha kabla ya herufi mbili za mwisho. Inasomeka KARIBUNI WASAFI. Si vibaya.

Ijumaa, 13 Juni
Katapila limekuja asubuhi. Nilisimama mlangoni na shati jeupe. Likachimba. Likaendelea kuchimba. Nikamuuliza dereva, Manirambona wa Ulyankulu, mlango gani unahitaji kina cha mita tatu. Kajibu kwa upole kwamba yeye anafuata vigingi, na vigingi vyekundu ni shimo la choo cha kambi.
Renatus kaja kunishika mkono kwa mikono miwili. Tangu Jumatatu alikuwa akiwabembeleza wapima wamwondolee choo kile.

Jumamosi, 14 Juni
Wateja hawapiti. Wawili walifika ukingoni, wakasoma ukuta, wakacheka, wakaenda kwa Renatus. Josepha naye kahamishia sufuria huko.
Injinia karudi. Kaona shimo. Manirambona kaambiwa afungashe, kwa kuchimba pasipostahili. Anaapa alifuata vigingi. Hakuna anayemwamini.
Josepha kaja kuchukua mwiko. Kisha kasema, "Leonadi, nimepika miaka kumi na tisa watu waje kwetu. Umewachimbia shimo mlangoni, sasa unamwachia mtu mwenye watoto alibebe. Kaseme, au uendelee kula peke yako."
Nimekula peke yangu. Ugali wa jana.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya misa nimekwenda kambini. Manirambona alikuwa ameketi juu ya begi lake, anasubiri gari. Nimesema yote, mbele ya wapima wote.
Injinia akakunja mchoro wake. "Baba, nilijua vigingi havitembei; nilimngoja aliyevihamisha ajitokeze. Na yule mbuzi hakuna aliyemwona."
Manirambona kabaki kazini. Mimi nalifukia shimo. Kwa koleo. Yeye kanisaidia saa nzima bila kuombwa, na hilo limeniuma kuliko mgongo.

Jumatano, 18 Juni
Shimo limejaa. Josepha karudisha sufuria. Mkutano wa kijiji umemchagua yeye kuwa mwenyekiti wa kamati ya usalama wa reli, kwa kura zote. Kapewa rifleksa, ile fulana ya njano yenye mistari inayong'aa.

Alhamisi, 19 Juni
Josepha kaenda mnadani, kaiacha rifleksa msumarini. Nimeivaa. Mume wa mwenyekiti naye ana wajibu wake. Nikasimamisha lori la mawe la kambini, nikamwelekeza dereva wake njia ya mkato niliyoibuni mwenyewe, ipitayo karibu na dirisha letu, aone chapati.
Alitii mara moja. Nguo hii ina heshima.
Lori sasa limezama hadi ekseli katikati ya bustani ya nyanya ya Renatus. Watu wamejaa. Injinia Najiat namwona anakuja huku, hatua ndefu, na Josepha nyuma yake.
Nadhani wanataka kuniingiza kwenye kamati.