Kitabu cha Tabibu na Goti la Mama Rachael

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata utajiri ndani ya droo. Kabati nililinunua Kericho kwa mzee Mhindi anayefunga duka lake la vitambaa. Ndani, kitabu kilichoandikwa kwa mkono, karatasi rangi ya chai ya maziwa, maandishi ya Kiurdu, michoro ya mimea na wagonjwa. Nikampigia simu. Akasema ni cha babu yake, tabibu wa tiba ya Kiunani, ile iliyotoka kwa Wagiriki wa kale ikapitia kwa Waarabu hadi India. Akajitolea kunisomea. Nikakataa kwa adabu. Akisoma, si atajua siri?

Jumanne, 4 Machi
Ukurasa wangu huu hapa. Mtu amechuchumaa, ameshika magoti, uso umekunjamana. Goti! Mama Rachael, mwenyekiti wa akina mama kanisani, anaumwa goti tangu Krismasi. Pia anasema mwanamume anayeuza viti vikuukuu hapa Kiptere, yaani mimi, hawezi kumuoa binti yake. Nikimponya, atasema nini?

Jumatano, 5 Machi
Mmea wa kwenye mchoro una maua ya manjano. Ni senetwet kabisa, ule ambao Wakipsigis huchoma mti wake kusafishia vibuyu vya maziwa. Gibson anauza, kibanda chake kinatazamana na changu. Nikaomba majani. Akauliza ya nini. Nikasema ya kibuyu. Akasema kibuyu hutaka mti, si majani, na nisithubutu kuyanywa.
Wivu tu.

Jumapili, 9 Machi
Nilimpelekea Mama dawa kwenye thermos kabla ya ibada. Akauliza kama ni chai. Nikasema ni sayansi ya kale. Akanywa nusu kikombe kwa heshima.
Wakati wa matangazo akasimama kusoma ya akina mama. Hakufika mwisho. Akaweka karatasi chini. Kisha akatoka mbio, akawapita wazee wa kanisa, akaipita kwaya, akaruka ngazi za mlangoni. Hakurudi. Rachael akanitazama vile mtu hutazama panya kwenye unga.
Lakini jamani, alikimbia! Bila fimbo!

Jumatatu, 10 Machi
Rachael amenipeleka Kericho, mimi na kitabu. Mzee akasoma ukurasa wangu, akavua miwani, akacheka mpaka mkewe akatoka jikoni. Kumbe ni dawa ya mtu aliyefunga choo. Kijiko kidogo, tena kwa mwanamume mwenye nguvu. Yule wa kwenye mchoro hakuwa na shida yoyote ya goti.
Kisha mzee akaendelea kusoma kimya, kidole kikifuata mwandiko wa babu yake, machozi yakamlengalenga.
“Joram,” Rachael akaniambia, “mwachie.”
Nikamwachia. Njiani Rachael akanishika mkono, mara ya kwanza mbele za watu. Akasema Mama amepata nafuu, ila kichwa kinamuuma, na ametuma neno.
“Amesema usimletee tena kitu cha kunywa.”

Jumanne, 11 Machi
Nimetafakari usiku kucha. Cha kunywa, alisema. Hakutaja cha kupaka. Na jana Rachael alipokuwa akivaa viatu, nilipiga kurasa zote picha kwa simu. Kuna moja ya mtu ameshika kichwa, kando yake chungu cha mafuta.
Mafuta yako jikoni, yanachemka vizuri.