Pikapu Iliyofuta Mafuriko

Wananchi wote wa Kampala, wa mabondeni na wa vilimani, walitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu saa tatu asubuhi mafuriko yamefutwa. Tangazo lilisomwa redioni kwa sauti iliyopigwa pasi, likabandikwa kwenye nguzo za umeme, na kule Namuwongo, chini ya reli, likabandikwa juu kabisa ya ukuta, maana sehemu ya chini ya ukuta huo ilikuwa ndani ya maji.

Aliyeyafuta ni Madam Vera Laker, Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Kukadiria Maji Yasiyotakiwa. Neno kaimu lilikuwa limemganda kama ulimbo. Wenzake walioanza naye kazi walishathibitishwa, wakastaafu, wengine wakazikwa wakiwa wamethibitishwa. Yeye bado anakaimu. Lakini mwaka huu Katibu wa wizara, Mzee Ogwal, alikuwa amemtamkia kwa kinywa chake: msimu wa mvua ukipita bila mafuriko, nitakuthibitisha. Nitakupa mkono mbele ya watu, kulekule Namuwongo.

Tangu siku hiyo Madam Laker alianza kuutunza mkono wake wa kulia kwa mafuta mazuri.

Isidhaniwe kwamba alidanganya. Madam alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni ya idara ilikuwa wazi kuliko maji yenyewe: mafuriko ni maji yaliyofika kwenye habu, yaani pale katikati ya gurudumu, ya pikapu ya idara. Ilitungwa zamani, baada ya fimbo ya kupimia kuibwa na kuonekana juu ya bati la mtu, imeshika antena. Maji yakigusa habu, idara inalazimika kutuma katapila kuzibua mtaro. Yakibaki chini ya habu, huo ni unyevu. Unyevu hauna katapila.

Kilichokuwa kikimharibia ni pikapu. Ilikuwa ya kawaida, ya kusukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, tumbo karibu na ardhi kama bata. Kila mvua ikinyesha, habu inalowa.

Ufunuo ulimshukia huko Katwe, mtaa wa mafundi, alikokwenda kuchomelesha ekzosi. Pikapu ya kijana fulani, iliyoinuliwa juu na kuvishwa matairi ya kufika kiunoni, ilipita katikati ya dimbwi, ikatoka na habu kavu kama biskuti. Madam Laker alihisi ubaridi mgongoni, ule wanaoupata watakatifu na watu waliokaa karibu na friji.

"Ondiek," alimwita fundi, "hiyo mnafanyaje?"

Ondiek, Mjaluo aliyekuwa na makovu ya kuchomelea mpaka shingoni, alifuta mikono. "Ni kuinua tu, madam. Mbele tunaongeza kipande juu ya springi, nyuma tunaweka bloku za chuma kati ya springi na ekseli. Bodi ikipanda, inakubali tairi kubwa."

"Na usipoinua?"

"Tairi itakula madigadi. Hata ukiinua, usikunje usukani mpaka mwisho, itasugua."

"Idara haikunji usukani. Idara inasonga mbele."

Jafar, dereva, Mnubi wa Bombo ambaye alikuwa akiendesha gari za serikali tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, alikohoa. "Madam, hii inasukumwa na mbili za nyuma peke yake. Itakuwa ndefu, sawa. Lakini kwenye tope ni ileile."

"Jafar, nani amezungumzia tope? Mimi nazungumzia habu."

Pikapu ilirudi ofisini imesimama kama twiga aliyepandishwa cheo. Ikipanda kilima inahema, breki zinafikiria kwanza kabla ya kukubali, na Madam ilimbidi kukanyaga kreti la soda ili aingie. Jafar akawa anabeba kreti hilo kila mahali, naye akalipa heshima zote za chombo cha serikali.

Mvua iliyofuata ilinyesha kama kawaida. Pikapu ikaingizwa Namuwongo ukingoni mwa maji, Madam akachungulia. Habu kavu. Akaandika: unyevu wa wastani. Alipoinua kichwa, alikuwa anatazamwa na Pélagie, mwanamke wa Bukavu anayeuza makayabo, wale samaki wa chumvi, akiwa amesimama mlangoni kwake na maji yamempita magoti.

"Mama Direkta, maji imefika kitandani."

"Kitanda si kipimo, mama. Kitanda chako kina namba ya usajili?"

"Hapana."

"Sasa unaona."

"Na makayabo yangu? Ilikuwa kavu, imetoka Congo mu gunia. Leo yote imerudi mu maji. Inaogelea."

"Hongera. Wengine wanafuga."

Pélagie alimtazama, akatazama matairi. "Mbele, gari ikiwa chini, maji ilikuwa ileile, mukaita mafuriko, katapila ikakuja. Leo mumepandisha gari, munaita unyevu."

"Idara imepanda kiwango, mama. Na nyinyi pandeni."

Kesho yake Pélagie aliweka kitanda chake juu ya matofali, na majirani wakafuata. Madam Laker aliposikia, machozi yalimlengalenga. Alitoa waraka wa kuwapongeza wananchi kwa kuinuka pamoja na idara. Mwishoni mwa waraka aliongeza kwamba mtu yeyote atakayedai amekumbwa na mafuriko mahali ambapo habu ni kavu ni mchochezi, asipewe msaada bali apelekwe polisi. Na kwa sababu aliijua mitaa, akapiga marufuku mtu yeyote kuigusa pikapu ikishatangaza matokeo, asije mjanja akachezea kipimo.

Siku ya mkono ikafika, Jumamosi ya mwisho ya msimu, nayo ikapewa jina la Siku ya Ukavu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Bendi ya polisi ilipangwa juu ya tuta la reli. Mzee Ogwal alikuja amevaa viatu vyeupe, kuonyesha imani yake. Mpango ulikuwa rahisi: Katibu na Kaimu wapande pikapu, wavuke bonde mbele ya umati, washuke ng'ambo kwenye uwanja wa kanisa la Wakongomani, mkono utolewe.

Mzee akakanyaga kreti, akapanda. Bendi ikapiga. Pikapu ikaingia majini kwa heshima zote.

Katikati ya bonde ikasimama. Jafar akakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka yakirusha tope hadi kwenye tarumbeta, na yale ya mbele, makubwa na mazuri, yakawa yanatazama tu. Akakunja usukani, tairi likasugua bodi, kwaruu, likakataa.

"Kwa nini tumesimama?" aliuliza Mzee Ogwal.

"Tunatathmini, Mzee," alisema Madam Laker.

Walitathmini mpaka bendi ikaishiwa nyimbo ikarudia ya kwanza. Mzee akaanza kukaa vibaya kwenye kiti. "Laker," alinong'ona, "asubuhi nilikunywa chai. Nyingi."

Madam akapiga simu kituo cha dharura cha idara. Akapokea Nabilah, afisa ambaye Madam mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Nabilah, tuma katapila Namuwongo. Tumekwama kwenye maji."

"Pole, Madam. Habu imeguswa?"

Madam akachungulia dirishani. "Imebaki kama vidole viwili."

"Basi hapo ni unyevu, Madam. Katapila haitoki kwa unyevu."

"Nabilah, ni mimi."

"Ndiyo, Madam. Waraka wako unasema anayedai mafuriko mahali pa unyevu ni mchochezi. Nikuunganishe na polisi?"

"Polisi wako hapa. Wanapiga tarumbeta."

Akakata. Pélagie na majirani walikuwa wameketi kwenye vitanda vyao virefu, milango wazi, wanatazama kama wako sinema.

"Mama," Madam alimwita kwa sauti ya udugu, "njooni mtusukume."

"Tunataka sana," Pélagie alijibu. "Lakini tukiingia mu maji kusukuma, si tutakuwa tunasema maji iko? Sisi si wachochezi."

"Bambi, tafadhali, nawaomba."

"Wewe uko juu sana, Mama Direkta. Tairi yako imeshiba upepo. Ingekuwa na njaa kidogo, habu ingekunywa maji, ukapata katapila yako."

Wakacheka vitanda vyote. Madam Laker hakucheka. Aliutazama mkono wa Mzee Ogwal, ule uliokuwa uutikise wake siku hiyo, umeshika goti na vidole vimekakamaa. Miaka yote aliungoja mkono huo. Habu ikilowa, mafuriko yatakuwa yamerudi, na mkono utaondoka nayo.

"Laker," Mzee alisema, jasho likimtoka, "chochote unachofikiria, kifikirie mbio."

"Jafar," Madam alisema taratibu, "shuka. Toa upepo."

Jafar akashuka, maji magotini, akazunguka tairi moja baada ya jingine. Fuuu. Pikapu ikapiga magoti kama ngamia. Madam akachungulia mara ya mwisho, akapiga simu.

"Nabilah. Andika mafuriko."

"Asante, Madam. Pole kwa msiba."

Katapila ilifika ikipiga honi. Mzee Ogwal aliokolewa kwanza, ndani ya sepetu la mbele la mashine hiyo, amekaa juu ya chupa za plastiki na taka za mtaroni, viatu vyeupe vimetangulia. Bendi ilipiga wimbo wa taifa kwa kuwa hakuna aliyewaambia wasipige. Kisha katapila ikazibua mtaro, na kabla ya magharibi maji yalikuwa yameshuka, makayabo yameanikwa juu ya reli.

Mzee Ogwal hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Pikapu isingeweza kuondolewa pale wala kujazwa upepo, maana ilikuwa imeshatangaza matokeo na waraka ulikataza kuigusa. Basi aliigeuza kuwa Kituo cha Kudumu cha Kipimo, akamthibitisha Madam Vera Laker kuwa mkurugenzi wa kituo hicho, kamili, bila ukaimu. Ofisi ni ndani ya pikapu, pale dereva anapokaa. Mkono alimpa kwa simu.

Jioni moja wingu jeusi lilisimama upande wa ziwa. Pélagie akaja akagonga kioo, tofali kila mkono.

"Mama Direkta, mvua inakuja. Nikuinulie ofisi kidogo?"

"Usithubutu, mama," alisema Mkurugenzi. "Ukiinua hata kidogo, katapila haiji."

Akafunga mlango, akakunja miguu juu ya kiti, akachungulia habu, akaanza kuyaombea maji yapande haraka.