Sura Yangu Nyuma ya Bakuli

Jumatatu, 2 Februari

Mwaka wa pili tangu niondoke kwetu Gansu. Mgongo umekwisha kwa kubeba katoni za pilipili ya mafuta. Bosi Yan kasema chupa zikiisha kabla ya mwaka mpya wa Kichina, nitapewa ruhusa niende kwa mama. Zisipoisha, nitakula sikukuu na katoni. Zimejaa hadi darini!

Nimepata njia. Dada Qu, mwandishi wetu wa matangazo, anashinda kando ya hita akitafuna kalamu. Nimemnong'oneza bosi kwamba akili mnemba huandika bila kutafuna kitu. Kaipenda hoja. Akasema mashine itahitaji sura ya mtu mnyofu. Nikatoa yangu.

Jumatano, 4 Februari

Wamenipiga picha, wamerekodi sauti, mashine ikaunda pacha wangu. Sasa nipo kwenye simu za watu, nauza kutwa kucha. Dada Qu kahamishiwa kwenye kufungasha vifurushi. Kiti chake changu. Kina joto!

Kanipitia, kaniambia haya kaka Kou, mbona huyo pacha wako hapepesi macho. Wivu tu.

Nikamtazama. Kweli hapepesi.

Ijumaa, 6 Februari

Mama kapiga simu, furaha tupu. Ati siku hizi naongea vizuri, simkatizi, namuuliza hali ya goti. Mimi? Sijampigia tangu wiki iliyopita! Kumbe anaingia kwenye duka letu la simuni, anaandika, na yule anamjibu.

Lakini goti? Sikumwambia mtu habari za goti la mama. Nikamuuliza bosi. Kasema wazee wote wana magoti, rudi kazini.

Nimeifunika skrini ya pacha kwa kofia. Sauti yangu imeendelea kuuza chini ya kofia.

Jumapili, 8 Februari

Leo tangazo la sikukuu. Dada Qu kaomba alitazame kwanza. Nikamwambia dada, funga vifurushi vyako. Mashine ikatengeneza yenyewe, mimi nikasinzia kitini.

Likatoka. Meza nyekundu, familia, mimi katikati natabasamu. Mbele yangu bakuli la wali, vijiti viwili vya kulia vimechomekwa wima. Wima! Kwetu hivyo hutengewa marehemu!

Wateja wakaanza kuandika: pumzika kwa amani, kaka. Yule akawashukuru mmoja mmoja kwa sauti yangu. Akasema huku aliko ni kwema, na pilipili ipo.

Hakuna aliyenunua. Nani anunue kutoka meza ya maiti?

Jumatatu, 9 Februari

Mama kaliona. Kaenda njiapanda kunichomea fedha za karatasi, nitumie ahera. Nikampigia, mama, ni mimi, mzima! Akasema sauti ndiyo hiyo, ila na yule wa jana alikuwa nayo. Nikaapa. Akasema wewe mashine, nirudishie mtoto wangu. Akakata.

Nimekaa kando ya hita.

Jumanne, 10 Februari

Nikamwendea Dada Qu, kichwa chini. Akasema maiti haiombi radhi, njoo ukae hapa. Akawasha kamera, tukawa mubashara kwenye duka la simuni. Akanikalisha nyuma ya bakuli kama lile, vijiti wima.

Akavichomoa mbele ya watu wote, akamimina pilipili hadi wali ukawa mwekundu. Akawaambia mashine isameheni, haijawahi kuzika mtu. Akanigeukia: Kou, kula, mama yako akuone.

Nikala. Machozi, kamasi, kikohozi! Nikaitukana pilipili, nikamtukana na bosi. Mama akaandika: huyo ndiye! Mlafi wangu, funga mdomo ukila!

Maagizo yakamiminika. Watu wakataka pilipili inayofufua wafu. Maneno hayo ya Dada Qu, kayatunga papo hapo.

Jumamosi, 14 Februari

Ghala jeupe. Ruhusa nimepata! Dada Qu karudi kitini, anatafuna kalamu. Bosi kaamuru pacha afutwe.

Nikamwomba bosi aniachie pacha kwenye simu yangu, kakubali. Nina wazo zuri. Mwakani yeye azungumze na mama, mimi nilale. Safari hii nitamfundisha mambo ya vijiti.

Tiketi ya garimoshi ninayo. Nafika Jumatatu jioni, mkesha wa mwaka mpya, kabla chakula hakijapakuliwa. Nimemwasha amjulishe mama. Akatabasamu, hapepesi. Kasema hakuna haja ya kuharakisha, mama keshampakulia yeye.