Findo Lililotoka Limeiva

Walimwita Lami kwa sababu maneno yake hayakuwa na mashimo. Ukishapanda juu yake unateleza tu mpaka ufike anakotaka yeye, na ukifika unakuta umeshalipa. Alishawahi kuuza dawa ya mende iliyowanenepesha mende. Alishawahi kuandikisha watu kazi katika kiwanda ambacho hata yeye mwenyewe alikuwa hajaamua kinatengeneza nini. Lakini siku hiyo hakuwa na shughuli. Alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati kwa ajili ya kivuli tu, masikio wazi.

Vumbi lilikuwa limechachamaa na watoto wa mtaa mzima wanaumwa koo. Kina mama walitoka kwa daktari na chupa za dawa mkononi na manung'uniko mdomoni.

"Koo tu, dawa siku kumi! Tena eti hata akipata nafuu nisiache."

"Si wayakate tu hayo mafindofindo yaishe?"

"Nimemwuliza. Eti hayakatwi ovyo. Eti mengine hupona yenyewe, mengine yanataka dawa, mpaka ayaangalie kwanza."

"Daktari gani huyo, mpaka aangalie kwanza?"

Lami aliinuka taratibu kama mtu aliyeitwa kwenye ibada. Hapa palikuwa na watu wanaotaka jambo liishe leo, na mtu anayetaka jambo liishe leo ndiye ambaye Lami humwomba Mungu amletee kila asubuhi.

Akakodi chumba cha nyuma ya kinyozi, chenye kiti kibovu cha kulaza wateja kwa kuvuta mpini. Akanunua koti jeupe kwa muuza nyama, akalifua mpaka likasahau kazi yake ya kwanza. Akatafuta tochi na kijiko. Mwisho akamchukua shemeji yake, mke wa kaka yake, kaka ambaye aliondoka bila kuaga, ili akae kwenye foleni na kusema kwa sauti, "Wanangu wote wamepona hapa, jamani, wote!" Shemeji hakuwa na mtoto hata mmoja, lakini machozi yalimtoka kweli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto analazwa, anaambiwa apanue mdomo. Dokta Lami anaingiza vidole. Mtoto anajikakamua kutapika, anafumba macho, na mama naye kwa huruma anafumba yake. Wakifumbua, katikati ya vidole vya daktari kuna kinyama chekundu.

"Hili hapa! Lilikuwa limeng'ang'ania."

Kilikuwa kipande cha firigisi ya kuku. Hilo lisingemwua mtu. Baya lilikuwa lile neno lililofuata, ambalo alilisema akinawa mikono, kama jambo dogo: "Na ile dawa ya zahanati mwaga. Inalinenepesha findo." Na kina mama, watu wazima wenye akili zao, wakaenda wakamwaga.

Ndipo akaja fundi cherehani na binti yake, mtoto wa darasa la kwanza. Binti alikuwa ameanza dawa na homa imeanza kushuka, ila kumeza bado kulimtoa machozi. Fundi mwenyewe, mama yake, alikuwa hajalala usingizi wa maana, na mtu asiyelala huamini haraka.

Lami akafanya yake. Binti akamkoholea usoni, kikohozi kizito chenye mate, halafu findo likatoka. Lakini asubuhi hiyo kulikuwa na joto, na shemeji alipoona firigisi zinaanza kunuka alizichemsha kidogo na chumvi. Hakumwambia mtu. Kwake lilikuwa jambo la jikoni.

Fundi alikitazama kile kinyama. Kilikuwa cha kijivu.

"Daktari, mbona hili limeiva?"

Kinyozi alizima mashine yake upande wa pili ili asikie vizuri.

"Homa, mama," alisema Lami bila kupepesa.

"Mwanangu ana homa, ndiyo, lakini si homa ya kupika."

"Ndiyo maana nasema mmechelewa. Ungekuja kesho lingekuwa limeungua."

"Lina chumvi," binti akasema, akijilamba mdomo.

"Machozi hayo, mwanangu. Machozi yana chumvi."

Kila swali lilikuwa na jibu lake, na kila jibu lilikuwa na sura ya kisomi. Fundi akashukuru, akaenda nyumbani, akamwaga dawa.

Siku chache baadaye Lami aliamka na koo lililojaa misumari. Akajaribu kumsalimia shemeji, ikatoka "khhh". Mtu ukipanua vinywa vya wagonjwa mchana kutwa nao wakikukoholea usoni, na ukinawa baada tu ya malipo, huna haja ya mchawi.

"Usijali, shemeji," alisema yule mwanamke, akimvalisha koti. "Kaa tu. Leo nasema mimi."

Foleni ilikuwa hadi nje. Shemeji alikuwa ameshawaeleza kuwa daktari yuko kwenye mfungo wa maneno, nao wameshamheshimu zaidi, fundi cherehani alipowapita wote na binti yake mgongoni. Mtoto alikuwa anawaka. Shingo imevimba, kichwa kimelala begani, hata maji yanamshinda.

"Nataka jibu moja tu. Ulilitoa au hukulitoa? Kama ulilitoa, kinachomwua mwanangu ni nini? Kama hukulitoa, sema, nimrudishe kwenye dawa!"

Lami akafungua mdomo. "Khhh."

"Eh!" kinyozi alichungulia mlangoni. "Daktari wa koo naye anaumwa koo?"

Foleni ikaanza kunong'ona, na shemeji akasimama juu ya kigoda.

"Ndiyo anaumwa! Mlidhani mafindo ya watoto wenu yalikwenda wapi? Yamemrukia yeye. Amejitoa kwa ajili yenu, wajomba na mashangazi. Lakini kazi hii kanifundisha mkono kwa mkono. Tazameni."

Akavuta mpini. Lami alijikuta chali anatazama dari, vidole vya shemeji kooni, ladha ya chumvi juu ya ulimi. Watu walipofumbua macho, kinyama kilikuwa hewani. Wakapiga makofi.

"Khhh! Khhh!" alisema Lami.

"Anashukuru," alieleza shemeji. "Haya, ada zote leo nipeni mimi, daktari bado ana kizunguzungu. Ila hili la kwake halilali ndani ya nyumba, lazima lizikwe sasa hivi."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, findo mkono huu, mkoba wa ada za siku zote mkono ule. Lami ndiye aliyemfundisha kuondoka watu wakiwa bado wanapiga makofi, kwa hiyo alielewa kabla ya wote. Akajaribu kupiga kelele za mwizi. Bibi mmoja akamkandamiza begani.

"Tulia, baba. Maumivu yatapita."

Fundi cherehani peke yake hakupiga makofi. Akachukua tochi, akambana Lami ulimi kwa kijiko, akamulika.

"Yapo," alisema. "Yote mawili. Mekundu, yana madoa meupe, kama ya mwanangu." Akainama karibu kabisa. "Na ya mwanangu je? Yapo?"

Lami alikuwa na majibu mengi mazuri, ila yote yalihitaji sauti. Akamtazama mtoto, akatikisa kichwa kukubali.

Wengine walitaka kumpiga. "Mtampiga mpate nini?" alisema fundi, ameshafika mlangoni. "Chukueni watoto, twendeni." Wakaenda, na Lami wakamkokota kwa koti lake.

Daktari alimwangalia binti koo, akamgusa shingo, kisha akamwekea chombo cha kusikilizia kifuani.

"Anaumwa koo, daktari," fundi alisema. "Mbona moyo?"

"Koo la namna hii likikatiziwa dawa linaweza kushuka mpaka kwenye moyo. Nyamaza nisikie."

Fundi alishika ukingo wa meza kama anayezuia nyumba isianguke. Daktari alisikiliza hapa, akahamisha, akasikiliza tena.

"Moyo uko sawa. Umemuwahi. Tunampiga sindano, na dawa inaanza upya."

Fundi alikaa chini sakafuni, palepale, akalia bila sauti. Binti alimpapasa kichwani.

"Mwingine," daktari akaita. Wakamsukuma Lami mbele, koti limechanika bega. "Unafanya kazi gani wewe?"

"Khhh."

"Daktari wa koo!" benchi zima likajibu kwa pamoja.

Daktari alilitazama lile koti, akawatazama kina mama, akamtazama tena mgonjwa.

"Karibu, mwenzangu," alisema, akiwasha tochi. "Sema aaa."

Lami akajaribu. Hata hiyo haikutoka vizuri.