Makala Iliyotajwa Kuliko Zote Tengeru

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya. Waheshimiwa Madiwani mlioko madarakani na nyie ambao kura hazikutosha. Wachungaji na Mapadri. Washili, viongozi wa koo zetu za Kimeru. Wadau wa Maendeleo mlioshuka kwenye magari yenye kiyoyozi. Watafiti wenzangu mlio chini yangu. Mke wangu Agnela, uliyevaa kitenge chenye picha yangu. Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wakulima wa migomba mliosimama huko nyuma juani: itifaki imezingatiwa, na ambaye sijamtaja asinune, atatajwa, maana kutajwa ndiyo ajenda yetu ya leo. (Makofi.)

Mimi, Profesa Hans, Mkurugenzi Mtendaji wa Kituo hiki cha Utafiti wa Migomba, nasimama mbele yenu nikiwa nimeorodheshwa miongoni mwa wanasayansi vinara wa dunia (vigelegele kutoka meza ya Agnela), na nikisema dunia sisemi kuanzia hapa mpaka Sombetini, nasema dunia yote pamoja na Ulaya yake!

Mtaniuliza, mwanasayansi anapimwaje? Zamani alipimwa kwa alichogundua, utaratibu uliokuwa ukichelewesha sana mchakato. Siku hizi, kwa mujibu wa viwango vya kimataifa, anapimwa kwa sitesheni, yaani wenzake wamemtaja mara ngapi kwenye maandiko yao. Na iko h-indeksi, ambayo ukiwa na makala ishirini na kila moja imetajwa walau mara ishirini, basi wewe ni ishirini, na mimi, ndugu zangu, ni sitini na moja! (Makofi marefu. Sauti ya mama kutoka nyuma: “Na dawa ya mnyauko?”) Tunakuja huko, mama, tulia.

Nilipoingia ofisini nilikuta kituo hakina mkakati kabisa. Watu wanashinda shambani, matope mpaka magotini, jioni wana matokeo lakini sitesheni hata moja hawana! Nikatoa agizo: kila andiko linalotoka kituoni litaje makala zangu zote, kwanza ile kuu, ya tiba ya mnyauko wa migomba. Sadoki, fundi wetu wa maabara, alipoomba ruhusa ya kwenda kumzika bibi yake, nilimwita nikamwambia kwa upendo, “Sadoki, msiba wako hauna rejea.” Akaandika upya: bibi amefariki dunia, kama inavyoelezwa na Hans na wenzake. Nikasaini palepale! (Kicheko. Sadoki hacheki.) Kamati za harusi za watumishi vivyo hivyo, kadi isiyo na rejea sichangii. Na yote hayo, misiba na harusi, tukayachapa kwenye jarida letu la kimataifa, ambalo mhariri wake ni Agnela. (Mgeni Rasmi anaangalia saa.)

Eti nini, mama? Jina lako nani? (“Mama Elifuraha!”) Haya, Mama Elifuraha anasema nilitangaza redioni watu wasikate migomba iliyougua, wasubiri makala yangu iwaelekeze, anasema amesubiri, mnyauko ukavuka mfereji, ukamaliza shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, na hana kingine cha kuwalisha watoto. Pole sana, mama, kwa kweli umenigusa. Lakini hebu tulitazame jambo hili kitakwimu: tangu mnyauko uenee, makala yangu imetajwa kwa ongezeko la asilimia mia tatu na nne! Ugonjwa unavyosambaa, na kituo kinapanda! (Makofi machache, ya watumishi.) Hata machalari ya mchana huu, ndizi zake tumeziagiza Kilimanjaro, na huo ndio unaitwa ushirikiano wa kikanda.

Sitesheni hoyee! (“Hoyee!”) Indeksi juu! (“Juu zaidi!”) Mnyauko chini! (“Chini wapi!” anajibu Mama Elifuraha peke yake.)

Mwisho kabisa, nawashukuru watafiti wote, wa hapa na wa ng'ambo, mlioitaja makala yangu kuu mara maelfu, kila mmoja akinakili rejea kwa mwenzake, bila hata mmoja wenu kunisumbua kwa kuomba kuisoma. Mngeniweka pabaya jamani, maana shughuli za kutajwa zimenibana mno, sijapata nafasi ya kuiandika, wala ya kuufanya huo utafiti wenyewe. Mama Elifuraha, wewe ni mtu wa kwanza duniani kuulizia kilichomo ndani, na mimi si mtu wa kinyongo, nakupongeza. Jumatatu naanza rasmi, shambani kwako. Nitunzie mgomba mmoja tu ulio mzima, nianzie hapo. (Mama Elifuraha: “Haupo, Profesa. Nilikuwa nakusubiri wewe.”)