Sahani ya Mbaazi na Dola za Ishaka

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Nimepata kibarua! Kukusanya bei, Kisauni nzima, shilingi elfu tatu kwa mwezi. Msimamizi wetu, Bi Milcah, ametufafanulia. Wataalamu wanataka kujua kila nchi ina utajiri gani hasa, na bei ya dola benki hawaiamini. Wanauliza kitu kile kile kinapatikana kwa kiasi gani huku na kule. Mimi nimepewa bei ya sahani ya mbaazi.

Mbaazi za mtaani kwetu Mishomoroni anauza Bi Dhahabu, na Bi Dhahabu ndiye mamake Mwanatabu wangu. Ishaka, baharia, ameshapeleka posa. Atajibiwa Ijumaa. Mimi kwa Bi Dhahabu sijawahi kupeleka chochote ila njaa. Sasa nitapeleka hesabu.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimekwenda na mizani. Shilingi tano sahani. Lakini Bi Dhahabu ana desturi: anayemsalimia vizuri humpa nyongeza, upawa mmoja juu. Nikampa shikamoo. Nikauliza magoti yake, mbuzi wake, na wifi yake wa Utange. Pawa tatu! Nimezipima zote na kuandika sahani moja. Sahani ikinenepa, na shilingi yangu inanenepa.

Mwanatabu akaniuliza kama mizani ile hupima na haya. Nikamwambia ya serikali haipimi. Akacheka mpaka akamwaga tui.

Jumatano, 6 Oktoba

Leo nimemweleza Bi Dhahabu kwa adabu zote. Ishaka hulipwa dola mia nne, sawa. Lakini huko Ulaya sahani ni dola nne, basi ana sahani mia moja tu. Mimi na elfu tatu zangu nina sahani mia sita. Tajiri ni nani?

Bi Dhahabu akasema mashallah. Akafikiri. Akauliza, je, Ishaka akija kuzilia dola zake hapa Mishomoroni, atapata sahani ngapi?

Nikapiga hesabu, dola moja benki ni shilingi sitini na nane. Elfu tano na ushei. Kwa nini nilijibu? Bi Dhahabu amenishukuru sana. Anasema alikuwa na wasiwasi na posa ile, na sasa, alhamdulillahi, umemtoka.

Usiku huu usingizi hauji. Nampenda Mwanatabu, na nimemwoza mwenyewe kwa mdomo wangu.

Alhamisi, 7 Oktoba

Bi Milcah amekuja kukagua. Mtu wa bara, ana haraka zake, akauliza bei kabla ya salamu. Akapewa sahani kavu, bila nyongeza. Akasema sahani yangu mimi ni karai. Nirudie kwa muuzaji asiyenijua, la sivyo kazi atapewa Jefwa wa Magogoni.

Nimekwenda hadi Utange. Muuzaji simjui hata kwa jina. Nikamsalimu, maana sikulelewa jalalani. Kumbe ndiye wifi ya Bi Dhahabu, na ameshasikia kwamba nilimuulizia. Pawa nne! Nililia kidogo njiani. Kisha nikala.

Ijumaa, 8 Oktoba

Jibu limetoka baada ya sala. Mwanatabu amemwambia mamake kwamba dola hazitaki, na sahani hazihesabu. Anamtaka yule aliyeuliza magoti ya mama na akangoja kusikia jibu. Ishaka, anasema, hata wifi wa Utange hamjui. Bi Dhahabu ameridhia. Posa ya Ishaka imerudishwa kwa heshima. Mimi niende Jumapili na wazee wangu tuzungumze mahari.

Nilijua tu! Hesabu zimewaingia. Zilihitaji siku mbili kukolea.

Jumamosi, 9 Oktoba

Kazi amepewa Jefwa. Namwonea huruma, hajui salamu, atalishwa sahani kavu mpaka Desemba. Mimi nina shughuli kubwa zaidi.

Bi Dhahabu ametaja mahari shilingi elfu kumi. Nimekaa nikapiga hesabu. Kwa kipimo cha mbaazi, shilingi mia mbili za hapa ni sahani arobaini, na sahani arobaini huko Ulaya ni dola mia na sitini, yaani shilingi elfu kumi na zaidi. Basi kesho nitampa mia mbili, noti mpya kabisa, na nitamweleza pole pole, mbele ya wazee. Atafurahi, mama wa watu.

Mwanatabu ameniletea salamu kwamba mizani niiache nyumbani. Ana haya, maskini. Nimeisugua kwa majivu na ndimu, inang'aa.